Mkungu Ndani ya Gari la Mbio

Kwetu baba ni tata. Ukisema "baba" kwa Ekegusii, lugha yetu, umemwita mama, na wageni wametucheka sana hapo. Basi tata alipokuwa akichuma chai kule Nyaramba, alitaja washindi wa Safari Rally mwaka kwa mwaka, dereva na gari lake, kisha akavuka hadi Monte Carlo, halafu zile mbio za Ufaransa za saa ishirini na nne. Nilimfuata na kikapu changu, nikaijua orodha hiyo kabla ya kujua hesabu za mara saba.

Mwaka mmoja tu ndio aliouruka. Nikimuuliza, alisema, "Huo achana nao," akainamia chai.

Mama ndiye aliyenisimulia. Ilikuwa Pasaka, siku ya Jumamosi, ambayo kwetu ndiyo Sabato, kabla sijazaliwa. Mvua ilikuwa imenyesha, watu wanatoka kanisani, gari la buluu la mbio likazama kwenye tope chini ya boma letu. Ndani mlikuwa na Wazungu wawili, dereva na msoma ramani. Mzee wa kanisa akawakumbusha watu kwamba Yesu aliruhusu ng'ombe atolewe shimoni siku ya Sabato. Wakavua viatu, wakasukuma na suti zao, gari likatoka. Hapo ndipo lingeenda zake, kama tungekuwa watu wengine.

Lakini kwetu mgeni kuondoka mikono mitupu ni aibu ya boma zima. Nyanya akasimama mbele ya gari, akamtuma tata, kijana wake mwenye mbio, akalete mkungu wa ndizi mbivu. Wazungu wakapiga honi, wakaonyesha saa zao za mkononi. Nyanya akaelewa wanauliza saa ya chai, akaagiza birika. Wakainywa wamesimama, wanaungua ulimi. Msoma ramani akautoa mkungu nje, nyanya akaurudisha na kuushindilia juu ya magurudumu ya akiba. Ndipo akawapisha.

Jumatatu redio ikatangaza mshindi, na hakuwa yule wa buluu. Tata akajua ni sisi tuliomharibia.

Mzigo huo aliubeba maisha yake yote, na mimi ulinikera. Mtu mzima, mwenye wajukuu, anajilaumu kwa ajili ya ndizi! Siku ya harusi yangu wakwe walichelewa kuondoka, tunawajazia gari vyakula, nikamwona tata pembeni akitazama saa kwa uchungu. Nilimpenda sana siku hiyo, nikataka pia kumtikisa mabega.

Mwaka jana nilitoka Kiogoro, ninakoishi, nikaenda kutazama Safari Rally pamoja naye. Tulitazama Jumapili, maana Jumamosi runinga ya nyumbani hufunikwa kitambaa. Macho yake sasa ni mabovu. Nilimsomea magari yanavyopita, naye akanisahihisha.

Ghafla akasema, "Wewe si uko na hiyo simu? Tafuta ule mwaka. Tulimchelewesha dakika ngapi? Sitaki kufa kama sijui."

Akanipa namba iliyokuwa mlangoni mwa gari. Hakuwa ameisahau. Niliogopa kutafuta, nikatafuta hivyo hivyo. Nikaiona namba. Dereva wetu alikuwa nyuma ya mshindi kwa saa nyingi, si dakika. Birika kumi za chai zisingebadilisha kitu.

Ningefurahi, lakini nilimwonea huruma. Miaka yote hiyo alikuwa na hatia, lakini alikuwa pia mtu aliyeamua mshindi wa Safari. Sasa nilikuwa naenda kumnyang'anya vyote viwili.

"Tata, ndizi hazikumfanya ashindwe," nikasema polepole. "Alikuwa wa mwisho."

Runinga ikaendelea kunguruma.

"Wa mwisho kati ya wangapi?"

"Kati ya waliomaliza." Nikateremsha ukurasa kwa kidole. "Wengi hawakumaliza. Majina ni mengi hapa, magari yaliharibika, wengine waliacha njiani."

"Na huyo wetu alifika?"

"Alifika, tata."

Akaegemea kiti, akacheka mpaka akafuta machozi kwa kiganja.

"Basi ndizi zetu walizila," akasema.