Jicho au Ugali

Kwa jina la Mola aliyeumba njaa na shibe, nasimulia mimi, mzaliwa wa Lamu na mkazi wa Migori.

Katika zahanati moja ya Oyugis, muuguzi mgeni kutoka Pwani alimwambia bibi mwenye kisukari, “Mama, punguza wanga, usije ukapofuka.”

Bibi akafunika jicho kwa kiganja. “Wang'a? Kwa Kijaluo hiyo ni jicho langu! Sista, nipunguze jicho ndio nisipofuke?”

Muuguzi akatikisa kichwa, akafafanua:

“Ugali, mama. Kula nusu, ongeza mboga.”

Bibi akashusha kiganja polepole. “Ugali? Basi turudi kwa hiyo maneno ya jicho.”

Mola awahifadhie macho, enyi mlionisikiliza, na awape moyo wa kuacha tonge la mwisho sahanini.