Kovu Walilolifuta Wachina

Masanduku ya bidhaa za Uchina yalikuwa na harufu yake: majani makavu, vumbi, na wino ambao ungedhani haujakauka tangu ulipotoka mashineni. Baba aliingia nayo nyumbani kila jioni, imemganda shingoni. Kazi yake ilikuwa kufungua masanduku hayo katika ghala la tajiri mmoja pale Matrah, bandari jirani na Maskati, akitoa mabeseni ya bati yenye maua mekundu, kila beseni limefungwa kwa kurasa zilizochanwa kwenye magazeti ya picha. Kurasa hizo zilikuwa za kutupwa. Zilizosalimika baba alizikunja akazitia kifuani, kwa sababu kabla hatujaikimbia Unguja yeye alikuwa mpaka rangi katika duka la mpiga picha. Picha ilitoka nyeusi na nyeupe, yeye akaitia midomo, mashavu na nakshi za kilemba. Maskati ya miaka ile haikuwa na kazi kama hiyo. Lango la mji lilifungwa usiku, na aliyetembea baada ya hapo alipaswa kubeba taa ili ajulikane ni nani. Mimi skuli nilikuwa nimekwisha kuiacha, na kurasa zile ndizo zilizokuwa vitabu vyangu.

Sikujua ukomunisti ni nini. Nilijua tu kwamba katika nchi ile hapakuwa na mtu aliyechoka. Wakulima walibeba miganda ya ngano huku wakicheka kwa meno yote, wasichana waliendesha matrekta, wanajeshi walimenya viazi, na wote walitazama upande mmoja, juu kidogo, kama watu wanaoutafuta mwezi wa Idi. Nyuma yao palikuwa na jua jekundu lenye miale iliyonyooka kama njiti za mwavuli. Nyumbani kwetu watu wazima walikaa kimya kwa uchovu, na mimi nikawa nawaonea wivu Wachina. Jirani yetu Bi Zuwena, naye mtoro wa Unguja kama sisi, alipoziona kurasa zile mara ya kwanza alipiga kofi. "Hebu tazameni! Hawa wanalima au wanaolewa? Mashavu yote ya biharusi!" Baba hakucheka. Alinionyesha kwa ukucha jinsi kivuli cha mkulima mmoja kilivyoangukia kulia na cha mwenzake kushoto, maana yake walipigwa picha siku mbalimbali, wakakatwa kwa mkasi na kubandikwa pamoja. "Kazi safi," alisema, kwa sauti ya mtu anayemsifu aliyemshinda. "Lakini hamna hata mmoja mwenye chunusi. Nchi gani hiyo isiyokuwa na chunusi?"

Kwa mama na kwa bibi, mama yake mama, jina la Uchina lilikuwa na uzito mwingine. Mjomba Seif, mdogo wake mama, alikuwa amekwenda huko kusomea uchapaji muda mfupi kabla ya mapinduzi ya Unguja. Alikuwa kijana aliyeziamini siasa zile, akibishana na wazee mpaka chakula kikapoa. Barua zake zilikatika. Kisha msafiri mmoja aliyepita Maskati akasema amesikia kwamba Seif amekufa kwa maradhi, ila hakumjua aliyemuuguza wala aliyemzika. Mama alitaka asomewe khitma, roho zitulie. Bibi alikataa. "Sisomi khitma ya mtu aliye hai. Nileteeni aliyemtia kaburini." Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Aliketi kutwa mbele ya mlango, na kila mgeni alipobisha, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinuka.

Ndipo siku moja baba akaukunjua ukurasa juu ya mkeka na mama akapiga ukelele. Katikati ya wakulima walisimama wageni watatu, na yule wa kati alikuwa Seif, au karibu sana na Seif: masikio yale yale, bega la kushoto limeshuka vile vile. Maneno ya Kiarabu chini ya picha hayakutaja jina la mtu, yalisema tu kwamba wageni kutoka Afrika wanashiriki furaha ya mavuno. Lakini Seif alikuwa na kovu lililoikata nyusi ya kushoto tangu utotoni. Huyu wa kwenye karatasi nyusi yake ilikuwa nzima na mashavu yake ya waridi. Kwa wiki nzima nyumba ikawa baraza la kesi. Mama akasema ni yeye, kesho yake akasema siye. Baba alituomba tusisemee juu, kwa kuwa kusini mwa nchi serikali ilikuwa vitani na waasi wa kikomunisti, na karatasi kama ile ingeweza kumfunga mtu.

"Hilali, mwanangu, wewe ndo fundi," bibi alimwambia baba mwishowe. "Kovu linafutika?"

"Linafutika, mama. Mie mwenyewe nimewafutia maharusi wangapi!"

"Basi lirejeshe."

"Mama, jamani!" mama alimaka. "Akilitia yeye, litakuwa ushahidi gani?"

"Nani kakwambia nnataka ushahidi? Nnataka kumwona."

Baba alijitetea kwamba brashi zimekauka, kwamba rangi zimeganda. Nadhani aliogopa kushindwa, na aliogopa zaidi kufaulu, maana angemkabidhi mkwewe mtoto wa karatasi. Bibi alimsikiliza mpaka akamaliza. "Mwanangu, nimechoka," akasema. "Nimechoka kuinuka." Baba akaenda kuliteremsha kopo la rangi.

Ilikuwa Ijumaa baada ya sala, joto limeikaba nyumba. Baba alitaka kujua kovu lilipita wapi hasa, na kwa kuwa mimi nimerithi paji la mjomba, bibi alinivuta akanichora kwa kidole, kutoka juu ya nyusi kushuka kwenye kona ya jicho. Kidole kilikuwa cha baridi kikinuka karafuu. Baba alianza kwa kuondoa waridi mashavuni, akaukaza mdomo kidogo, kisha akalipitisha kovu kwa nywele mbili tatu za brashi. Alipolipuliza ili likauke na kuugeuza ukurasa upande wetu, mama alijifunika uso kwa kanga. Alikuwa Seif. Hata mimi, niliyemkumbuka kwa mbali, nilimwona.

Bibi aliishika karatasi muda mrefu. "Sasa namwona sawasawa," alisema. "Si yeye."

"Mama! Na kovu lote lile?"

"Kovu katia mumeo. Rangi katia mumeo. Mtazame macho. Anatazama alikoambiwa atazame. Seif wangu hakuwahi, ndo maana utotoni akaanguka, akauvunja uso." Akamrudishia baba. "Semeni na mwalimu. Msomeeni."

Khitma ilisomwa, baba akauchoma ukurasa jikoni, na bibi hakuinuka tena mlango ulipobishwa. Baadaye nchi ikafunguka, umeme ukaja, na picha za rangi zikaja tayari zimepakwa. Mimi nimezurura tangu hapo, Mombasa, Dubai, hata Guangzhou, ambako nilikuta picha za wakulima wale wale zinauzwa kwa watalii zining'inizwe mahotelini. Nilimwuliza muuzaji nani alizitengeneza, akainua mabega. Nyumbani Maskati mabinti wa ndugu zangu wanajifuta chunusi kwenye simu bila kulazimishwa na serikali yoyote. Nami nimezunguka vya kutosha kujua kwamba mtu hufundishika, hata macho yake, na hata mkaidi. Hilo bibi hakuliwaza, au aliliwaza akalinyamazia. Ikiwa hata macho ya Seif yalifundishika, basi siku ile ya khitma, wakati sisi tunaitikia dua, huenda alikuwa hai, amesimama shambani, anaambiwa ainue kidevu kidogo, acheke.