Kola ya Mwimbaji, Mikono ya Mwigizaji

Kwanza nilisikia ndala. Zilipiga mawe ya ngazi, pa, pa, zikatulia, ikafuata pumzi ndefu, kisha sauti ya mwanamke mzee: "Hivi huyu mtu amejenga au amening'inia?" Sauti nyingine, changa, ikacheka na kumwambia wamefika.

Chumba changu kiko Mabatini, juu ya miamba, na kila anayenitembelea hufika amekasirika kidogo. Huyu alifika amekasirika na anacheka papo hapo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Maji kwanza, maneno baadaye."

Akanywa kikombe kizima, akakaa kitandani kwangu bila kukaribishwa, akavua ndala na kusema, "Haya, watoe wazungu wako."

Wazungu wangu ni kadi. Ni kadi za posta za zamani kutoka Uholanzi, zenye picha za waigizaji wa sinema na waimbaji: wanawake wenye nyusi nyembamba kama uzi, wanaume wenye nywele zilizopakwa mafuta zikang'aa kama sangara aliyetolewa majini sasa hivi. Wengi wao siwajui mpaka leo. Nyuma ya kadi kuna habari za nyumbani kwa Kiholanzi, nami huzitafsiri polepole kwa simu. Mvua imenyesha juma zima. Shangazi amenunua baiskeli. Ng'ombe amezaa. Hunifurahisha kwamba uso mzuri kiasi kile ulivuka bahari ili ulete habari za ng'ombe. Kwetu Usukumani hiyo ni habari kubwa kuliko sinema.

Zilifika Mwanza kwa sababu ya padri mmoja Mholanzi aliyekuwa akiandikiwa na dada zake. Kila alipomaliza kusoma, alimpelekea kadi fundi cherehani wa Mkuyuni aliyemshonea kanzu zake. Fundi akazibandika ukutani, zikawa kitabu chake cha mitindo. Mteja hakuchagua kadi moja, alichagua vipande. Kola ya huyu, mikono ya yule. Fundi alichomeka pini kwenye kile kipande kilichopendwa, akaishona nguo huku akiitazama pini. Ndiyo maana kadi zangu zina matundu. Mkusanyaji mmoja wa huko Uholanzi, ninayeandikiana naye mtandaoni, alipoziona alinipa pole. Kadi yenye tundu, alisema, imekwisha. Nilimjibu kwamba hizi, kwenye tundu ndipo zilipoanza.

Fundi alipostaafu na kuhamia Buswelu alinikabidhi zote, labda kwa kuchoka na ziara zangu. Na sasa alikuwa amewaelekeza kwangu bibi huyu wa Ukerewe na mjukuu wake anayekaribia kuolewa.

Binti ndiye aliyenieleza. Gauni la harusi la bibi lilishonwa na fundi yule yule. Halikupigwa picha, maana boti ya mpiga picha ilichelewa, na alipofika kisiwani wageni walikuwa wanaosha masufuria. Lenyewe liliazimwa na kila bibi harusi wa kijiji mpaka likaishia kuwa vitambaa vya kuepulia sufuria. Binti alitaka kuingia ukumbini siku ya sendofu yake, sherehe ya kuagwa kwao, amevaa gauni kama hilo. Mtoto wa fundi, ambaye ndiye anayekalia cherehani siku hizi, alikuwa tayari. Alichohitaji ni mfano.

"Asikudanganye kwamba ni kwa ajili yake," bibi akadakia. "Ni kwa ajili yangu. Mimi sikujiona. Kioo cha nyumbani kilikuwa cha baba, cha kunyolea ndevu. Nilijiona kidevu, basi. Kisiwa kizima kilisema nimependeza, mimi peke yangu ndiye nisiyejua. Nataka nilione likija kwa mbele."

Nikafungua albamu.

"Huyu, bibi?"

"Huyu ana njaa."

"Huyu je?"

"Amemnunia mpiga picha. Fungua."

"Na huyu mwenye shanga?"

"Huyo ningemwoza kwa kaka yangu. Lakini gauni si lake."

Tulicheka hadi albamu ikaisha, na ilipoisha kicheko nacho kikaisha. Binti alianza kung'ata ukucha. "Bibi, labda umesahau."

"Nisahau gauni langu? Majina yenu wajukuu nayasahau kila siku. Gauni, hapana." Akanigeukia. "Wewe. Wanaume umewaweka wapi?"

Wanaume walikuwa kwenye kopo la biskuti, chini ya kitanda alichokalia. Haikuwa imenijia hata kidogo kwamba bibi harusi angewahitaji. Nikalivuta kopo, bibi akawamwaga mapajani, akawachambua kama mchele, na ghafla akapiga kelele mpaka jirani akauliza kulikoni.

"Kola yangu hii!"

Alikuwa kijana mwenye gitaa, anatabasamu, na shati lake lilikuwa na marinda kutoka kooni mpaka kifuani. Tundu la pini lilikuwa palepale kwenye kola.

"Mama alisema nimerukwa na akili, naolewa na shati la mwanamume. Nikamwambia, mama, mwanamume mwenyewe kavaa marinda!"

Baada ya hapo haikuwa kazi. Tulirudi kwa wanawake tukitafuta mikono tu, na mwigizaji aliyeegemea dirisha, yule wa njaa, akaonekana ana tundu begani.

"Na sketi?" nikauliza.

"Sketi hakuna. Hukuona wote hawa wamekatwa kiunoni? Kuanzia kiunoni kushuka ni Mkuyuni, ni fundi mwenyewe."

Akasimama peku juu ya mkeka, akaonyesha kwa mikono jinsi ilivyomwagika, akazunguka taratibu kati ya kitanda na meza. Mwanga wa ziwa ulikuwa unachezacheza darini. Binti alimrekodi huku akijifuta macho, kisha akaweka kadi mbili mezani azipige picha.

"Unafanya nini?" bibi akauliza.

"Nampelekea fundi, bibi. Kwenye simu."

"Atachomeka pini kwenye simu?"

Wote wawili wakaniangalia. Hakuna kadi iliyowahi kutoka chumbani kwangu. Na hizi zingerudi na matundu mapya, yule rafiki yangu wa Uholanzi angeweza hata kulia. Nikawafunga mwimbaji na mwigizaji kwenye karatasi laini, nikampa bibi mikononi. Alizifundika kwenye pindo la kitenge chake, akakaza fundo mara mbili.

"Na wewe utakuja," akasema. "Utakaa na mimi mbele. Ila siku hiyo mtu asinisemeshe mpaka nimetazama nikamaliza."

Akashikilia bega la mjukuu wake, wakaanza kubishana kama kitambaa kiwe cheupe au cha rangi ya maziwa, na binti akaurudisha mlango nyuma yao.