Kifaransa cha Duka la Dawa

Mwalimu wa shule yetu ya mtaa wa Katuba aliniita: binti yangu wa miaka sita hasemi Kifaransa hata neno moja, huenda akarudia darasa. Nilipofika darasani nilikuta madawati yamepangwa kuwa duka la dawa, watoto wanaigiza. Binti yangu ndiye muuzaji, amekaa nyuma ya meza, amekunja mikono.

"Mama, niko na homa," mwenzake alilia.

"En français, papa! Sema: j'ai de la fièvre," binti yangu alimkatiza, akitaka aseme kwa Kifaransa kwamba ana homa.

Mgonjwa akarudia mara tatu ndipo akapewa vipande viwili vya chaki kama vidonge.

"Matin et soir," asubuhi na jioni, binti yangu alimwagiza, kisha akamwita anayefuata: "Suivant!"

Mwalimu alicheka. "Mama, huyu mutoto atapanda darasa."

Nilinyoosha mgongo kwa fahari. Kumbe hakukosa Kifaransa. Alikosa meza ya kukaa nyuma yake na watu wa kungojesha, kama wakubwa wetu wa ofisini.