Tarehe ya Mashuka Mia Tatu

"Kwangu mimi ukichelewa siku moja unakatwa, hata ungekuwa mama yangu mzazi." Mjomba aliyasema hayo ukumbini mbele ya wazabuni hamsini na kitu, kipaza sauti kikiwa karibu kumezwa. Wakapiga makofi. Mtu anayeshika ghala la hospitali ya serikali hupigiwa makofi hata akipiga chafya.

Huu ni mwaka wake wa kumi na tisa ghalani, na hakijapotea hata kidonge. Ni mwaminifu hadi anakera. Nyumbani kwake, ninakoishi tangu diploma yangu ilipokatikia njiani, kopo la sukari lina mstari wa kalamu ili ijulikane imeshuka kiasi gani.

Mwaka jana fundi cherehani mmoja, mama wa makamo mwenye vyumba viwili vya kazi nyuma ya soko, alipata zabuni ya mashuka mia tatu. Mwisho wa kuleta ulikuwa Alhamisi. Yeye alileta Jumatano asubuhi, akakuta ghala limefungwa. Mjomba alikuwa kwenye semina ya usimamizi wa mikataba, yenye posho na chai mara mbili, na ufunguo alikuwa nao mfukoni. Kanuni inasema amwachie msaidizi wake. Mjomba hamwamini msaidizi wake. Basi mlinzi akaandika kwenye daftari la getini, mashuka yakalala barazani.

Jumanne Mjomba akarudi, akahesabu, akajaza hati ya kupokelea mali. Hati ile ina nafasi moja tu ya tarehe. Akaandika ya siku ileile, kama alivyozoea miaka yote. Mhasibu akaona siku tano za kuchelewa, mkataba unasema asilimia moja kwa kila siku, akakata laki tatu kwenye milioni sita. Fidia ya serikali, safi kabisa, na muhuri juu.

Jumamosi fundi akaja nyumbani. Alikataa kiti.

"Kaka, mimi sikuchelewa."

"Dada yangu, mimi naandika siku niliyopokea."

"Na daftari la getini?"

"Hilo la mlinzi. Mimi nina langu."

"Basi andika barua. Sema nilileta Jumatano, wewe hukuwepo."

Mjomba akaangalia viatu vyake. Barua hiyo ingeutaja ufunguo, na jina lake lilikuwa mezani kwa mkubwa wake likisubiri cheo. Akaingia chumbani, akatoka na bahasha. "Hizi zangu mwenyewe. Yaishe."

Fundi hakuigusa. "Sikuja kuomba. Nataka tarehe yangu. Aliyechelewa hapewi zabuni tena, wewe unajua kuliko mimi."

Alipoondoka, mke wa Mjomba akauliza kutoka jikoni, "Kwa hiyo kosa la nani?"

"La mfumo," Mjomba akajibu.

Nikasema, kwa utani wangu wa kila siku, "Mjomba, wewe ukichelewa anakukata nani?" Huwa ananirudishia kwa kunitajia diploma yangu. Siku hiyo aliinuka tu, akaacha sahani imejaa.

Tangu hapo akawa anakwenda kazini kwa njia ya mbali, ile yenye matope, ili asipite nyuma ya soko. Mzabuni mmoja alimsimamisha barabarani kumsifu kwamba yeye ndiye kiboko ya wachelewaji. Mjomba alimshukuru kwa sauti ya mgonjwa.

Siku ya kumi na mbili akaandika barua kwa mkono, akanipa nisahihishe. Mali ililetwa Jumatano. Mimi sikuwepo. Ufunguo nilikuwa nao mimi. Kosa ni langu. Sikugusa hata nukta. Ila zabuni za mwaka mpya zilikuwa zimefunguliwa siku mbili kabla, na jina la fundi lilishawekwa kando kwa ucheleweshaji. Kuhusu zile laki tatu, mhasibu alisema zitarudi, kikao kikikaa. Hakusema lini.

Mjomba alikwenda mwenyewe kumweleza, mimi nikamfuata. Tulikuta chumba kimoja kimefungwa na fundi anapinda suruali kwa mkono. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa. Muuza vitambaa aliyemkopesha vya mashuka hakutaka kusubiri kikao, alisema fundi, kwa hiyo yeye akauza mashine yake ya overloki, ile ya kushonea kingo.

Mjomba akauliza aliiuza bei gani.

Laki mbili na elfu themanini.