Kipimo cha Ukingo

Nilitoka Moyale kwa lori, siku mbili, nikashuka Kitengela karibu na mafundi waliokuwa wakichemsha lami. Harufu ile ilinirudisha kimawazo utotoni, likizo moja Kajiado kwa mjomba, tulikosugua kioo cha darubini kwa lami ngumu, mapazia yamefungwa mchana.

Kazi yangu ilikuwa kupima kama kioo kimepinda sawasawa. Nilisogeza wembe kwenye mwanga uliorudi kutoka kiooni, nikatazama kivuli kikitambaa, kisha nikasoma rula.

"Ukingo umeshuka, mjomba. Rula inasoma milimita tano."

"Andika tatu. Tano inaniharibia mstari kwa grafu."

"Lakini nimeona tano."

"We andika, profesa."

Niliandika.

Mwalimu aliyeahidi kunipa nafasi shuleni kwake, kioo kikiwa sawa, alikuja kukijaribu. Ndani ya darubini, msalaba wa kanisa la mbali ukaonekana kama moshi.

"Nani alipima?"

"Huyu," mjomba alisema, akinishika kichwa. "Unajua watoto."

Mwalimu alifungua daftari. Mwandiko wote ulikuwa wangu. Akalifunga, akaaga bila kuniangalia.

Likizo ilipoisha, mjomba alinibebea begi hadi stendi.

"Rudi Desemba, tutengeneze kikubwa zaidi."

Nilimjibu sawa, nikijua sirudi.