Petroli Iliyoanikwa Juani

Huku Mafia, habari kwamba meli ya mafuta imechelewa humfanya mtu mzima mwenye ndevu akimbilie Kilindoni na madumu. Hajui atayatumia lini mafuta hayo. Anachojua ni kwamba jirani amenunua. Huyaingiza ndani, chini ya kitanda anacholala na mkewe, au stoo kando ya nazi, kisha huyasahau. Meli hufika, vituo hujaa, naye huendelea kununua ya kituoni kwa sababu yale ya madumu ni ya akiba. Akiba ya nini, hasemi. Yanapita masika, zinapita pepo za kusi, na siku anapoyakumbuka yamekwisha kuwa kitu kingine, lakini yeye bado huyaita petroli kwa kuwa ndivyo yalivyoitwa alipoyanunua.

Mimi natengeneza injini ndogo hapa Baleni: pikipiki, jenereta, pampu, mashine za boti. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza katika vitabu vya maelekezo vilivyokuja na injini zenyewe, vingine bila jalada, nikiwa na kamusi pembeni. Naweza kusema bila kutia chumvi kwamba injini nyingi zinazoletwa kwangu haziumwi. Zimelishwa uozo. Mwenyewe husimama mlangoni akaniambia plagi imekufa. Ameweka mpya, nayo imekufa, akaweka nyingine. Nikifungua kabureta nakuta utomvu wa njano umeziba vitundu. Nikimwonyesha, hutikisa kichwa kwa masikitiko na kusema mashine za siku hizi si imara.

Mmoja wa watu hawa ni shemeji yangu.

Dada yangu mkubwa ameolewa Bweni. Mashine ya boti yao ni yake. Aliinunua kwa fungu lake la minazi ya marehemu baba yetu, na mumewe ndiye nahodha. Watu wa pale wana utaratibu wa kufunga mwamba. Hukubaliana kwamba kwa miezi kadhaa mtu yeyote asivue pweza hapo, kisha huufungua kwa pamoja siku ya bamvua, maji yanapokupwa hadi mbali. Ni siku inayosubiriwa kuliko nyingi. Safari hii dada na wanawake wenzake walikuwa wapelekwe mwamba wa nje, upande wa Ras Mkumbi, ambako mkondo una nguvu na boti iliyozimikiwa mashine haina tofauti na kifuu. Siku chache kabla ya ufunguzi alinipigia simu. Mumewe, alisema, ametoa madumu aliyoyaweka tangu kabla ya masika, na sasa anayatengeneza.

Nikamwuliza anayatengenezaje.

"Njoo uone mwenyewe," akasema. "Atakayekuwa ndani ya boti ni mimi, mdogo wangu. Nataka uniambie kama itanirudisha."

Nilifunga dumu dogo la petroli mpya nyuma ya pikipiki, pamoja na bisibisi zangu na uzi mwembamba wa shaba, nikashika njia ya Bweni. Ubovu wa barabara ile sitauelezea. Aliyeipita anaujua, na asiyeipita ataona nazidisha.

Nilimkuta shemeji uani, amezungukwa na wanabaraza wenzake kama watu waliokuja kumtazama mwari. Mbele yao palikuwa na makarai mawili na sinia moja pana, vyote vimetandazwa juu ya bati palipo na jua kali, na ndani yake petroli. Dumu tupu lilikuwa pembeni, limefungwa mdomoni kipande cha kanga kuukuu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunyanyua macho, kama daktari aliyekatizwa katikati ya upasuaji. Hatua chache kutoka hapo jiko la kuni lilikuwa linawaka, na mzee mmoja ameshika sigara. Nilimwomba aizime. Akaniambia amevuta sigara tangu mimi sijazaliwa. Nikamjibu basi akauendeleze umri huo nyuma ya nyumba. Akaondoka akinung'unika kwamba vijana wa Baleni hawana adabu, ingawa mimi ujana nimeshauacha mbali. Dada alikuwa amekwisha kuuzima moto wa jiko kwa maji bila kuambiwa.

Shemeji akanieleza kazi yake, na naikumbuka kwa sababu aliieleza kwa fahari. Mafuta ya nazi yakikaa sana huanza kuchacha. Kila mwanamke wa pwani anajua la kufanya: huyatia katika sinia, huyaanika mpaka maji yaliyojificha ndani yaruke, huyachuja kwa kitambaa, na harufu hukata. Petroli yake nayo ilikuwa imeanza kunuka vibaya. Imechacha, akahitimisha, na dawa ya mafuta yaliyochacha inajulikana. Wote waliokaa pale walitikisa vichwa kukubali. Hakuna hata mmoja aliyeona tatizo katika hoja hiyo, kwa kuwa vitu vyote viwili huitwa mafuta na vyote viwili hukaa dumuni.

Nilimwuliza anadhani ni kitu gani kile kinachotetemeka hewani juu ya karai.

"Maji hayo, yanatoka," akasema.

Hayakuwa maji. Maji yakiingia katika petroli hukaa chini, na jua huyafikia mwisho kabisa. Kilichokuwa kinaruka ni sehemu nyepesi ya petroli, ile inayoshika moto upesi, ambayo ndiyo huiamsha injini unapovuta kamba. Inayobaki ni sehemu nzito, mvivu kuwaka, na juu yake ule utomvu unaojitengeneza petroli inapokaa muda mrefu na kukutana na hewa. Kwa maneno mengine, mtu huyu alikuwa ametupa alichokinunua na kuhifadhi takataka zake, kwa uangalifu, kwa kitambaa safi. Na jambo lililonikera kuliko yote ni kwamba madumu yale yangeachwa yamefungwa vizuri kivulini, huenda ningeweza kuyachanganya kidogo kidogo na petroli mpya nikayamaliza katika jenereta. Uzembe ulikuwa umeyachakaza. Juhudi ndizo zilizoyaua.

Nilimweleza hayo yote taratibu. Akanisikiliza kama mtu anavyosikiliza mvua.

Kwa kuwa maneno hayakuwa na kazi pale, niliomba visahani viwili vyeupe. Katika kimoja nilitia petroli mpya kutoka dumu langu, katika kingine nikatia ile ya karai, ambayo bado haikuwa imechanganywa na oili inayotakiwa na mashine ya boti. Nikaviweka juani mbali na watu, tukangoja. Wakati wa kungoja wanabaraza walitoa ushauri. Mmoja alisema dawa ni kuongeza mafuta ya taa. Mwingine alisema la, watie zile punje nyeupe za kufukuzia mende, kwa kuwa zina nguvu. Nduguye wa Dar es Salaam hufanya hivyo. Wa tatu alisema tatizo ni dumu la njano, ya dumu jeupe hayaharibiki. Walishindana kwa bidii. Kama wangebishana hivyo juu ya ufunguzi wa mwamba, pweza wangefika ufukweni wenyewe kuomba amani.

Kisahani cha petroli mpya kilikauka kikabaki cheupe. Cha shemeji kilibaki na duara la njano, na nilipogusa, kidole kilinata. Nikampa kila mmoja aguse. Waligusa, wakanusa, wakapangusa vidole kwenye vikoi vyao.

"Hicho kisahani kilikuwa na mafuta ya mchuzi," akasema shemeji.

Dada ndiye aliyekuwa ameviosha. Aligeuka akaingia ndani.

Ndipo shemeji alipotoa hoja yake ya mwisho. Mashine, alisema, aliijaribu jana kwa petroli hiyohiyo, ndani ya pipa la maji, na iliwaka. Sikushangaa. Ndani ya pipa mashine haibebi kitu. Mweke mtu mgonjwa kwenye kiti, ataonekana mzima mpaka umwambie abebe gunia. Nilifungua kabureta palepale juu ya mkeka. Kitundu kikubwa kilikuwa kimefinywa na utomvu, kidogo kimezibwa kabisa. Nilivisafisha kwa uzi wa shaba na petroli mpya, nikavionyesha kwenye mwanga. Nilisuuza na bomba na tangi. Kazi haikuwa ngumu. Kilichokuwa kigumu ni kuifanya huku nahodha akisimama begani kwangu na kuwaambia wenzake kila hatua kabla sijaifanya, kana kwamba mimi ni mkono wake.

Nilipomaliza nilimwambia dada kwa sauti ya kusikika na wote. Petroli mpya niliyoleta inatosha kwenda na kurudi mwamba wa ndani. Mwamba wa nje haitoshi. Na ile ya makarai isiingie ndani ya mashine hata tone.

"Umesikia?" dada akamwuliza mumewe.

"Mimi si kiziwi."

"Sijauliza kama u kiziwi."

Baadaye nilimkuta shemeji amebeba karai kuelekea nyuma ya nyumba, akaimwage petroli kwenye kichuguu cha mchwa. Kisima wanachochota maji ya kunywa kiko hatua chache kutoka kwenye kichuguu hicho, na udongo wa pale ni mchanga mtupu. Nililichukua karai mikononi mwake. Petroli yote niliyoiona niliirudisha madumuni, nikayafunga barabara, ili niyapeleke Baleni nikayatumie kuoshea vyuma vyenye grisi, nje, mbali na kisima. Nasema niliyoiona, kwa sababu sikupekua stoo. Sikudhani mtu angemficha mkewe uozo.

Nilikaa kwao hadi ufunguzi, na asubuhi hiyo ufukwe ulijaa. Wanawake walikuwa wamevaa viatu vya miambani na kushika fimbo zao za kuchokolea pweza, na dada alikuwa amekwisha kuwapanga wa boti yake. Shemeji alikuwa mchangamfu. Aliwatangazia kwamba wanakwenda mwamba wa nje. Niliinua tangi, nikaona zito kuliko nilivyoliacha. Nikafungua kizibo. Harufu ilikuwa ileile ya makarai, kama ya rangi ya kupakia milango, kali, yenye uchachu. Alikuwa amejazia juu ya petroli yangu mpya kwa dumu alilolibakiza stoo, usiku, baada ya visahani, baada ya kabureta, baada ya kuulizwa kama amesikia.

Nilimpa dada kile kizibo.

Akakinusa. Aliwaambia wanawake washuke. Wengine walikuwa wamekwisha kukaa, wakauliza kuna nini, naye akawaambia maneno machache tu, ambayo nahodha pia aliyasikia: "Huyu alitaka kutupeleka nje kwa mafuta mabovu, na anajua kuwa ni mabovu."

Shemeji akacheka, akasema, "Nimechanganya kidogo tu, ili yatoshe. Mnaogopa kidogo tu?" Hakuna aliyecheka naye. Mwanamke mmoja mnene, jirani yao, alimwambia basi yeye atangulie peke yake huko nje, wao watamtazama kutoka ufukweni, na akikwama watampungia kanga. Hapo walicheka wote.

Mashine ilifunguliwa ikawekwa mchangani. Wanawake walipelekwa mwamba wa ndani kwa pondo, yaani kwa mti mrefu, boti ikisukumwa taratibu katika maji mafupi, na aliyeshika pondo alikuwa nahodha mwenyewe, kwa kuwa mkewe alimkabidhi na hakuwa na namna ya kukataa mbele ya watu wote wale. Walipata pweza wachache. Waliokwenda nje kwa boti nyingine walipata wengi. Dada hakulalamika. Alirudi, akawatundika pweza wake, akanisaidia kuifunga mashine nyuma ya pikipiki kwa kamba na gunia.

Jioni ile barazani ilielezwa kwamba fundi wa Baleni aliiharibu kabureta kwa uzi wake wa shaba. Naambiwa inaelezwa hivyo hadi leo.

Mashine iko kwangu. Bamvua inapokaribia dada huja na dumu lake alilolijaza kituoni, hupima oili mwenyewe, hutikisa, hunusa, ndipo huondoka na mashine yake. Ikirudi, huimaliza petroli yote iliyobaki kwenye kabureta kabla haijawekwa, jambo ambalo nilimwonyesha mara moja tu. Shemeji bado anaitwa nahodha. Amekatazwa kugusa tangi, na kwa wenzake amesema kwamba uamuzi huo ni wake.